Siku nne kamba hazikufunguliwa: kisa cha mwalo mmoja Kigoma

Kabla sijaanza, majina yote nimeyatoa, mwalo wenyewe siutaji, na mizigo nimeigeuza kidogo ili mtu asije akajitambua humu akanifuata nyumbani. Naandika kwa ajili ya vijana wetu wa kijiweni ambao kila jioni wanabishana habari za droni na makombora kana kwamba vita ya kisasa ni kitu cha kuangalia tu, kiko huko Ukraine. Sisi ilishatufikia. Ilikuja kwenye simu hivyo hivyo kama wanavyoiona wao, ila hasara tuliihesabu kwa mifuko ya saruji.

Hali ilivyokuwa

Ilikuwa Februari 2025. Huko mashariki mwa Kongo, Goma ilishachukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na mtu yeyote mwenye ramani aliona mji unaofuata ukishuka kusini ni Uvira, na Uvira iko pale kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu, Tanganyika. Watu kwa maelfu walikuwa wanavuka kuingia Burundi. Uvira kwenyewe vurugu tupu, askari waliokimbia Bukavu na wapiganaji wenyeji hawaelewani.

Kigoma hatukuwa vitani. Lakini mkoa huu una kumbukumbu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo toka 1996, na watu wazima wa hapa wameona kwa macho yao mitumbwi ikitia nanga alfajiri imejaa watoto, sufuria na magodoro. Kwa hiyo mtu wa Kigoma akiogopa ziwa ana sababu. Naomba hilo likae kichwani maana huko mbele itakuwa rahisi sana kuwacheka watu.

Sasa grupu letu. Watu 34, tunachanga mzigo, tunakodi boti za mbao, tunapeleka saruji, unga, sukari na sabuni mji wa Baraka upande wa Kongo, na wakati mwingine Uvira, boti zikirudi zinaleta mawese na vitenge. Mtaji mdogo mdogo, wengi wamekopa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mimi nilikuwa na mifuko 40 tu. Kuna mwenyekiti, kuna dada mmoja nitamwita Mama K mwenye mzigo mkubwa kuliko wote wiki ile, mifuko 180, na kuna Mzee S, mstaafu wa jeshi, mwenye hisa kwenye boti moja, ambaye kwenye grupu huwa haandiki kitu zaidi ya "Amina" na "Poleni na msiba".

Usiku wa Jumanne

Saa tatu kasoro usiku ikadondoka sauti ya WhatsApp, dakika moja na sekunde 34. Mwanaume anaongea Kiswahili cha ng'ambo, anahema, anasema wamevamiwa katikati ya ziwa, watu wana bunduki, wamechukua injini na mzigo wote, "msitume boti, nawaambia wenzangu msitume boti". Nyuma yake inasikika injini. Dakika mbili baadaye ikaja klipu ya vidio, sekunde 40 hivi, usiku, risasi za kuwaka zinapita juu ya maji, boti ziko ufukweni zimelala ubavu. Zote mbili zina ile alama ya kufowadiwa mara nyingi.

Nitakuwa mkweli. Mimi niliifowadi sauti ile kwenye magrupu mengine mawili kabla sijamaliza kuisikiliza. Nilifika kwenye "msitume boti" nikabonyeza.

Ndani ya saa moja kila kitu kilishakuwa kikubwa. Wanajeshi wamevuka, hapana ni waasi, hapana ni boti sita, hapana ni boti kumi na mbili, Baraka imeanguka, nahodha fulani ameuawa (nahodha huyo alikuwa anakula ugali kwake Gungu, tulimpigia).

Nani aliamua nini, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mwenyekiti, saa nne usiku alifunga grupu wawe wanaandika maadmini tu. Sababu yake ilieleweka, alitaka kuzima moto. Kilichotokea ni kwamba watu walisoma ule ukimya kama jibu. "Wamefunga grupu, ina maana kuna jambo." Mazungumzo yakahamia magrupu mengine ambako hata yule mmoja wa kusema "jamani subirini" hayupo.

Uamuzi wa pili ni wa Mama K. Asubuhi ya Jumatano saa moja aliuza mifuko yake 180 yote kwa mnunuzi wa mjini, kila mfuko chini ya bei aliyonunulia. Watu walimsema sana, mwanamke muoga, hana roho ya biashara. Mimi nilikaa naye baadaye akanionyesha daftari lake la VICOBA. Ijumaa ile alikuwa na rejesho. Saruji ikilala stoo na mvua zile za Februari na paa linalovuja, hana rejesho, na wenzake wa kikundi ndio wamemdhamini. Kwa hiyo yeye hakuuza kwa sababu aliamini ile sauti. Aliuza kwa sababu hata kama sauti ni ya uongo, wenye boti wameshaogopa na mzigo hautoki kabla ya Ijumaa. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu.

Uamuzi wa tatu ni wa dogo mmoja, fundi wetu wa mambo ya simu. Jumatano mchana akaona atulize watu, akaenda mwaloni akapiga picha, akarusha TikTok na kwenye grupu (alishapewa uadmini, sijui na nani). "Hali shwari, doria ipo." Kwenye picha inaonekana boti ya doria ilipofungwa, upande iliogeukia, na watu waliokuwa juu yake unaweza ukawahesabu.

Hapo ndipo Mzee S alipoandika kwa mara ya kwanza kitu kisicho "Amina". Aliandika: "Futa." Halafu akampigia simu dogo, na simu ile haikuwa na Amina ndani yake. Picha ikafutwa, lakini skrinishoti zilishatembea.

Uamuzi wa nne ni wa Mzee mwenyewe, na ndio nitakaa nao.

Daftari la Mzee

Usiku ule wa Jumanne, wakati sisi tunafowadi, Mzee alichukua daftari la mjukuu wake akapiga mistari miwili, zikapatikana safu tatu. Aliyeona. Aliyesikia. Aliyefowadi. Akaanza kupigia watu mmoja mmoja, grupu zima pamoja na manahodha. Nililiona hilo daftari kesho yake, limeandikwa kwa peni nyekundu, lina doa la mafuta ya taa. Safu ya tatu majina 31, langu likiwemo. Safu ya pili mawili, na wote wawili walisikia kwa watu wa safu ya tatu. Safu ya kwanza hamna kitu, mstari mtupu mpaka chini.

Kisha akamtafuta nahodha mmoja wa Baraka kwenye namba ya Kongo. Mara ya kwanza haipatikani, mara ya pili haipatikani. Mara ya tatu akapokea mke wake, saa sita usiku, kakasirika. Anasema mume wangu amelala, wewe nani? Mzee akamwomba radhi shemeji, akakata, akaandika pembeni ya ukurasa: "mwenye boti kalala."

Vidio nayo ilikufa kifo cha ajabu. Tuna kuli mmoja mwaloni, mzaliwa wa Tanga, alioa huku. Jumatano asubuhi alionyeshwa ile klipu akaiangalia mara moja akasema, "Hapa maji yamekupwa." Tukamuuliza unamaanisha nini. Akasema angalieni, boti zimekaa kwenye tope, zimeegemea ubavu, na pale chini kuna mstari wa mwani hatua thelathini nzima kutoka kwenye maji. Hiyo ni bahari. Ziwa Tanganyika halipwi, miaka 20 nimekaa hapa sijaona likipwa. Watu tulioishi ufukweni toka tuzaliwe hatukuona, akaona mtu wa pwani. Mpaka leo sijui klipu ni ya wapi, lakini ya huku sio.

Siku nne

Pamoja na hayo yote, boti hazikutoka. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kufikia Jumatano mchana watu kama kumi tulishajua vidio ni uongo, na bado hakuna nahodha aliyekubali kufungua kamba, maana wake zao walisikia, na waliokodi boti walitaka dhamana, na wenye injini wakasema injini ikiibwa nani analipa. Tulienda kwenye ofisi inayohusika kuuliza, jibu likaja siku ya pili yake baada ya chakula cha mchana: "hakuna tangazo lolote lililotolewa." Sasa hilo jibu mwanadamu analifanyia nini? Walioogopa wakasema mnaona, hawajakanusha. Ambao hawakuogopa wakasema mnaona, hawajathibitisha.

Makuli siku nne hawakubeba kitu. Mama ntilie wa pale mwaloni alipika wali Jumatano akala na watoto wake, Alhamisi hakuja.

Alhamisi jioni Mzee S akafanya uamuzi wake. Boti moja, ile ambayo ana hisa, mzigo nusu, nahodha mzoefu na vijana wawili, malipo mara moja na nusu, simu kila saa mpaka mtandao ukatike. Wakaondoka usiku. Ijumaa asubuhi wakapiga kutoka Baraka, wanapakua. Jumamosi mchana boti ikarudi na madumu ya mawese, na jioni ile ile nyingine tatu zikapakia.

Ilivyoisha

Mama K alipata hasara, rejesho alilipa. Yule mnunuzi wa mjini wiki iliyofuata aliiuza ile saruji kwa bei ya kawaida, akatengeneza hela nzuri. Bila shaka maneno yakaanza kwamba ni yeye aliyeitunga ile sauti. Mimi siamini na wala hakuna ushahidi, alikuwa na pesa mkononi asubuhi ambayo wengine hawana, basi.

Sauti yenyewe tuliipata baada ya wiki mbili, nzima, dakika mbili na sekunde kumi. Ilikatwa mwanzo. Kwenye kile kipande kilichokatwa jamaa anasema "nawasimulia yaliyotupata mwaka juzi". Ni mtu wa kweli, aliporwa kweli, analia kweli. Hakuna neno hata moja la uongo ndani yake, kilichodanganya ni sekunde 36 ambazo hazikuwepo.

Uchambuzi

Vijana wakisikia vita ya kisasa wanawaza droni ya dola mia kadhaa inayounguza kifaru cha mamilioni. Ni kweli, hiyo imebadilisha mambo. Lakini kwa mji wa bandari kama wetu badiliko kubwa ni jingine: zamani kufunga maji ilihitaji meli, siku hizi inatosha mwenye chombo aogope.

Angalia historia ya hapa hapa. Wajerumani walipotaka kulitawala ziwa hili waliunda meli kwao Ujerumani, mji wa Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaitia kwenye makasha kama 5,000, ikaja mpaka Dar, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya hapa na kuingia majini Februari 1915. Ndiyo hii Liemba yetu, wakati ule ikiitwa Graf von Goetzen. Waingereza nao kujibu wakavuta vijiboti viwili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa ng'ombe, kwa kuvisukuma milimani huko Kongo, mpaka vikafika ziwani mwishoni mwa 1915. Miezi na miezi ya kazi! Vikaiteka meli ya Wajerumani Kingani, vikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Halafu Goetzen yenyewe ikatokea, na kamanda wao Spicer-Simson akakataa kuigusa. Kuiona tu kulitosha. Juni mwaka huo akafika Kasanga, wakati huo Bismarckburg, akaona mizinga ya ngome ya Wajerumani akarudi nyuma, wenye ngome wakapata nafasi ya kutoroka. Baadaye ikaonekana mizinga aliyoiogopa ni magogo. Na Goetzen nayo ilivyozamishwa na wenyewe Julai 1916, mzinga wake mkubwa ulishachukuliwa kwenda kupigana nchi kavu, umewekwa wa mti.

Kwa hiyo kudanganya kwenye ziwa hili hakukuanza na WhatsApp. Ukraine mwaka 2022 walichonga kwa mbao mifano ya HIMARS, ile mitambo ya Kimarekani ya kurushia roketi, Warusi wakaipigia makombora ya bei mbaya. Gogo ni lile lile. Tofauti ni gharama, na nani anadanganywa. Gogo la Kasanga lilimlenga kamanda mmoja mwenye darubini. Ile sauti ilitulenga wote 34 kwa pamoja usiku mmoja, na kama ilirushwa makusudi au na mjinga tu, mimi naona haina tofauti kubwa, matokeo yangekuwa yale yale.

Na haya ya boti kukaa siku nne, tazama Bahari ya Shamu. Wahouthi, waasi wa Yemen, walianza kushambulia meli Novemba 2023, na mwezi uliofuata makampuni makubwa yakaamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, safari nyingi zikaongezeka kama siku kumi na zaidi. Meli nyingi hazikuguswa hata na jiwe. Lakini mwenye meli ana bima, mwenye bima ana hesabu zake, mabaharia wana wake zao. Ndio Mama K yule yule, ila ana meli badala ya mifuko. Ukraine nao ambao meli kubwa za kivita hawana walizisukuma manowari za Urusi mbali na upande wa magharibi wa Bahari Nyeusi kwa makombora na viboti visivyo na mtu, na baada ya Moskva, manowari kuu ya Warusi kule, kuzama Aprili 2022 hakuna kapteni aliyekuwa analala vizuri upande ule.

Kilichofanya kazi kwetu, basi. Daftari lilifanya kazi, na sio kwa sababu Mzee ni mjanja kuliko sisi, bali aliuliza swali tofauti. Sisi wote tuliuliza "ni kweli?" Yeye aliuliza "nani ameona?" Swali la kwanza usiku ule halikuwa na jibu, la pili lilikuwa na jibu kwa bando la shilingi elfu mbili. Na yule kuli wa Tanga alifanya kazi, lakini kwa bahati. Tulimwonyesha klipu kwa kupiga soga tu. Kwenye orodha ya watu wa kuulizwa hakuwepo, maana nani anamuuliza kuli mambo ya vita.

Kilichoshindwa ni kwamba ule ukweli haukuwa na njia ya kutoka. Mzee saa sita usiku alishakuwa na safu tupu ya "aliyeona", na grupu lilishafungwa, yeye si admini. Ukweli ukalala kwenye daftari la mjukuu mpaka asubuhi saa nne, na Mama K aliuza saa moja. Hayo masaa yaliyopita kati ya daftari na grupu ndiyo yaliyomla, nikiyafikiria bado naumia.

Ile picha ya dogo ndiyo iliyonitisha zaidi nilipoelewa. Alikuwa na nia safi kabisa. Lakini huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, usiku wa mwaka mpya 2023, Waukraine walipiga jengo lililojaa askari wa Urusi, na wizara ya ulinzi ya Urusi ikakubali vifo 89 na kusema chanzo ni askari wake kuwasha simu. Mwaka 2018 nayo iligundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava inaonyesha kambi za kijeshi kwa nyayo za askari wanaokimbia. Adui wetu hakuwepo Jumatano ile, sawa. Angekuwepo, dogo angekuwa amemfanyia upelelezi bure, kwa bando lake mwenyewe.

Na ile boti ya Alhamisi, hapo mimi na Mzee hatukubaliani mpaka leo. Kijeshi hesabu yake imekaa vizuri, unatuma kidogo unachoweza kupoteza ili ujue kilichoko mbele. Lakini "kidogo" chenyewe ni watu watatu, na wale vijana wawili walikubali kwa sababu walikuwa siku mbili hawajala vizuri. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mwanangu, ungetuma nini wewe? Sauti?" Sikuwa na jibu zuri. Bado naona tungesubiri siku moja zaidi mpaka nahodha wa Baraka aje upande huu mwenyewe.

Mabadiliko yaliyofanyika ni machache. Mzee sasa ni admini, kwa lazima. Kuna namba nne za watu wa Baraka, Kalemie na Uvira zimeandikwa kwa chaki ukutani pale stoo, na mtu akileta sauti anaulizwa kwanza iko wapi nzima yake. Grupu halifungwi tena.

Ile klipu ya maji kupwa imerudi mwezi uliopita. Safari hii wanasema ni Ziwa Kivu.